Mchango wa Kitu cha Bure

Ijumaa, 22 Agosti 2003

Hili daftari nimejiuzia mwenyewe, hapa dukani kwangu, duka la daftari na kuchapa. Nimetoa mia nane mfukoni, nikaiweka kwenye droo yangu, nikajiambia karibu tena. Mteja mzuri mimi, sikuomba hata punguzo!

Naandika kwa sababu leo nimefanya jambo, na mke wangu Stara siwezi kumwambia.

Nianze kwa Gaudence. Kijana wa Gulwe huyo, karani kwenye ofisi ya masista, mpole mpaka unaweza kumsahau kwenye kiti. Mimi elimu yangu darasa la tano, Kondoa, basi. Kompyuta kanifundisha yeye. Na ndiye kaitunga ile programu ya hesabu za duka — unaingiza mauzo, unaingiza manunuzi, inakwambia kodi yako ni kiasi gani, kwa Kiswahili. Wafanyabiashara wananiletea risiti zao ndani ya mfuko wa rambo, mimi naingiza, nachaji mia tano. Yeye hachaji kitu. Anaigawa bure kwenye disketi. Hata yale maandishi ya ndani kayaacha wazi, anayejua afungue, arekebishe, naye agawe. Ipo Singida, ipo Kondoa. Kuna jamaa wa Brazili kasahihisha sehemu moja akatuma kwa barua pepe, hajaomba hata nauli.

Sasa bajeti imepita bungeni, mambo ya kodi yamebadilika, programu inatoa hesabu za mwaka jana. Na kompyuta ya Gaudence imekufa. Moshi kabisa! Anahitaji mashine, na mwezi mzima bila mshahara aiandike upya. Asipopata, anakwenda Dar. Kuna kampuni inamtaka, na hiyo kampuni itaifunga programu iiuze.

Nikamwambia tulia kaka, hela nitachangisha mimi. Mdomo wangu huu.

Jumatano na jana nimezunguka Barabara ya Saba yote, na ukweli mtupu. Haji Adamu wa spea kacheka mpaka kashika kaunta. Kitu cha bure, halafu kinachangiwa? Swedi, umekula nini leo? Bi Swaumu wa mchele akasema aniuzie basi, nilipe, yaishe. Nikaeleza hauzi. Akasema basi kama hauzi hela ya nini. Siku mbili: shilingi elfu moja na mia tano, na soda. Tena ya moto.

Leo asubuhi nafungua kabati natafuta wino, nakuta boksi la kadi za mchango. Za harusi moja iliyovunjika mwezi wa tano, nilizichapa, hawakuja kuzichukua. Njiwa wawili, pete mbili, kwenye majina niliacha nukta za kujaza.

Nikaandika Gaudence. Kwa bibi harusi nikaacha nukta zake.

Bi Swaumu kaisoma mara mbili. Macho yakamlowa. "Yule mtoto mpole? Alhamdulillahi! Nilikuwa nasema atazeekea kwenye limashine lile." Elfu ishirini, hapo hapo, kutoka kwenye khanga. Bibi harusi nani? Nikasema wa mbali kidogo.

Wa mbali kidogo! Nilicheka njia nzima kurudi dukani. Nilipokaa, kicheko hakikukaa na mimi.


Jumamosi, 23 Agosti

Haji Adamu elfu thelathini. Anatoa na gari lake la kumbebea bibi harusi. Anauliza lipambwe maua ya rangi gani.

Nimesema meupe.


Alhamisi, 28 Agosti

Imeundwa kamati. Sikuiunda mimi, naapa! Bi Swaumu kajipa uenyekiti, mimi wamenipa ukatibu kwa sababu nina mashine ya kuchapa. Kikao uani kwake, chai ya tangawizi, maandazi. Wamegombana saa nzima juu ya sare. Kina mama wanataka zambarau. Haji Adamu anasema zambarau inamfanya aonekane amevimba. Mwenyekiti akamwambia Haji, hiyo siyo rangi, hiyo ni chapati.

Nilicheka na wao. Nikaandika muhtasari. Agenda namba tatu, sare. Agenda namba nne, pilau. Nimeuchapa vizuri, pembeni nikaweka na ua. Muhtasari wa harusi ambayo haipo, ya mtu ambaye hajui.

Wanataka iwe kabla ya Ramadhani ili nao wale vizuri. Nikawaambia bwana harusi ana haya, msimsemeshe, mtamkimbiza. Wakasema ndo alivyo, ndo alivyo. Wanampenda. Hilo ndo sikuwa nimelipigia hesabu.


Jumapili, 31 Agosti

Laki sita na elfu arobaini. Tumenunua mashine ya mkono wa pili kule Uhindini, na masista wamempa likizo bila mshahara. Gaudence aliisukuma kwenye baiskeli mpaka kwake Ipagala kama mtoto aliyetoka hospitali.

Akasema, Swedi, sikujua watu wa hapa wanaithamini hii kazi kiasi hiki. Akavua miwani akaifuta. Mimi nikajifanya nakaza kamba ya baiskeli.

Anataka kupita duka kwa duka awashukuru. Nikashtuka! Nikamwambia hapana, kaka, wengi wao ni Waislamu wenzangu, kwetu sadaka haitangazwi, ukimshukuru mtu mbele za watu umempunguzia thawabu zake. Yeye Mkatoliki, kanisikiliza kwa heshima, kaitikia kwa kichwa. Kasema dini yenu ina adabu sana.

Nimeiingiza mpaka dini. Swala ya alasiri leo nimesimama safu ya nyuma kabisa.

Kabla sijaondoka akaomba orodha, nani katoa nini. Ya kumbukumbu tu. Nikampa. Ningesema imepotea. Mimi mwepesi wa uongo wa maana na wa kijinga, huu mmoja uliotakiwa haukuja.


Jumanne, 9 Septemba

Programu mpya imeanza kufanya kazi. Sehemu ndogo tu imebaki. Inapiga kodi ya mwaka huu sawasawa, nimeijaribu na risiti za miezi mitatu za Haji Adamu. Nzuri!

Lakini ukiifungua, kitu cha kwanza ni ukurasa wa majina. "Walioiwezesha kazi hii." Bi Swaumu, 20,000. Haji Adamu, 30,000. Wote thelathini na mmoja. Chini yake: mashine kiasi fulani, umeme kiasi fulani, chakula cha mwezi kiasi fulani. Nikamuuliza, si tulikubaliana haitangazwi? Akasema amefikiria sana, lakini kwenye kazi za namna hii kila kitu kinakuwa wazi, maandishi wazi, hela wazi, la sivyo watu watadhani kuna kilichofichwa. Mbele za watu hajawashukuru, ameandika tu.

Na disketi zimeshaondoka. Singida, Kondoa. Brazili kaituma kwa barua pepe.

Bi Swaumu wa mchele yupo Brazili! Nilicheka, halafu nikaufunga ule ukurasa.

Sala yangu moja tu. Wenye maduka hawaifungui wao, naifungua mimi. Kila anayekuja na rambo lake nabonyeza haraka ule ukurasa upite.


Ijumaa, 12 Septemba

Leo kaja Anthony, afisa wa ofisi ya kodi. Mtu mwema, sina la kumsema. Tangu mwaka jana anawaambia wafanyabiashara kaingizeni hesabu zenu kwa Swedi, ile programu haidanganyi. Nusu ya wateja wangu kaniletea yeye.

Kumbe Gaudence kaenda ofisini kwao. Kwa miguu yake! Hakuna aliyemwita. Kapeleka orodha, kawaambia nimepokea laki sita na arobaini kutoka kwa watu nifanye kazi hii, nadaiwa kodi kiasi gani? Anthony anasema miaka kumi na moja kazini hajawahi kuona mtu anakuja hivyo. Kamwambia kama ni malipo ya kazi ni mapato, utalipa. Kama ni zawadi hilo jambo lingine. Ngoja niulize waliotoa.

Kamuuliza Haji Adamu. Haji kamwambia kazi gani, mkuu? Ule ni mchango wa harusi.

Anthony akakaa kwenye kiti cha picha za pasipoti. Akaniuliza taratibu. Wewe ndiye uliyekusanya. Gaudence anasema kazi, Haji anasema harusi, mwongo nani?

Nikacheka. Nikasema Haji kwa umri ule huwa anachanganya.

Hakucheka. Akasema, Swedi, mtu anatengeneza programu ya kodi, halafu mapato yake anayapitisha kwenye kadi ya harusi ili yasihesabiwe. Ikiwa ndivyo, nitawaambia wote niliowaleta kwako waiache. Sitaweza kuisimamia tena. Na yeye nitamfungulia jalada.

Nikasema Gaudence hawezi. Akasema na mimi ndo nilivyodhani. Jumatatu ya tarehe 22, saa tatu, waje waliotoa zaidi ya elfu kumi, na wewe, tuliandike hili vizuri.

Gaudence ni mwaminifu mpaka kajipeleka. Na huo uaminifu wake, kwa sababu yangu, unaonekana kama ujanja. Ningekuwa nimeiba hela zile nikanywea, ingekuwa afadhali. Mwizi angekuwa mimi.


Jumapili, 14 Septemba

Bi Swaumu kampelekea Stara kitambaa cha sare. Zambarau ilishinda.

Stara akakiweka mezani. "Baba Salha, Gaudence anamuoa nani?"

Nikaanza na utani. Nikasema anaoa kompyuta, mahari ni disketi. Stara hucheka na utani wangu hata ukiwa mbovu, ndo maana nilimuoa. Leo akangoja tu. Basi nikamwambia yote, hadi la dini.

Hakufoka. Akanyanyuka, akazima jiko, akasema kamwambie. Nikasema kesho. Akasema sijakuuliza lini.

Kitambaa kakikunja karudisha kwenye mfuko. Binti yetu Salha anauliza kwani mama hashoni?


Jumatano, 17 Septemba

Nimekwenda Ipagala kwa Gaudence. Kweli nilikwenda kumwambia! Nimejifunza maneno njiani, neno kwa neno, nayasema kwa sauti mpaka mama mmoja mwenye ndoo kanipisha.

Nafika, mlangoni kuna kuku wawili wamefungwa miguu. Na gunia la karanga. Na mama mmoja mwembamba kakaa kwenye mkeka, mgongo umenyooka.

Mama yake. Mama Generosa. Kaja na treni kutoka Gulwe. Kule kuna wachuuzi wanamletea Bi Swaumu karanga, na wao wamebeba habari kurudi nazo.

Nikamwamkia shikamoo mama. "Marahaba mwanangu. Wewe ndiye Swedi katibu?" Katibu! Cheo changu kimefika mpaka Gulwe.

Gaudence alikuwa anacheka, kile kicheko chake kisicho na sauti. Ananiambia, hebu sikia, kuna mtu kamzushia mama kwamba naoa! Kafunga safari na kuku! Nani huyo kamdanganya mzee wa watu?

Nilikuwa na maneno yangu yote mdomoni. Yamepangwa. Alikuwa ameniuliza swali lenyewe kabisa, nani.

Nikacheka naye.

Sikujua kama mtu anaweza kujichukia na huku anacheka. Inawezekana. Meno yote nje.

Gaudence alipoingia ndani kuchukua chai, mama akanivuta mkono. Akasema kwa sauti ndogo, mwanangu, ananificha. Hata marehemu baba yake alikuwa hivyo, posa yangu niliisikia kwa jirani. Mwambie mwenzio mie sina neno. Kama binti ni wa dini nyingine, sina neno. Kama ana mtoto tayari, sina neno, namtaka na mtoto.

Nikasema subiri kidogo mama. Hayo tu. Subiri kidogo mama. Akashusha pumzi, akanipigapiga kiganja, kama nimemthibitishia.

Halafu akafungua fundo la khanga. Kauza ng'ombe wake mtamba. Mmoja aliyekuwa naye. Laki moja na elfu kumi, zinanuka karanga. Kwa sababu wewe ndiye katibu, akasema, mie sitaki kamati ya mjini ione mama mzazi hakutoa.

Nilizipokea. Kukataa kulikuwa na maelezo marefu, kupokea hakukuwa na maelezo. Chai ikaja, nikanywa.

Stara kaniuliza umemwambia? Nikasema alikuwa na mgeni.


Jumamosi, 20 Septemba

Barua za watu naandika kwa mia tatu. Za mapenzi, za kuomba kazi, za kuomba radhi — za kuomba radhi naziweza kuliko zote, mzee mmoja wa Mpwapwa mkewe alirudi kwa barua yangu.

"Ndugu Gaudence." Nimefuta.

"Kaka." Nimefuta.

Mchana kapita mwenyewe dukani, kachangamka, anasema ile sehemu iliyobaki kaimaliza jana. Kasema Jumatatu usiwe na wasiwasi, ni kueleza ukweli tu, dakika kumi. Mama yake kagoma kurudi Gulwe. Tumwache apumzike, kasema, hajawahi kukaa mjini.

Kabla ya kutoka kanipa disketi mpya. Kwenye ukurasa wa majina kaongeza jina la mwisho, peke yake kwenye mstari. Swedi, aliyewaamini watu na wakamwamini.

Nimeiweka disketi kwenye droo. Nimeitoa. Nimeirudisha.


Jumatatu, 22 Septemba

Saa tatu kasoro. Naandika hapa hapa kwenye benchi, korido ya ofisi ya kodi, daftari kwenye goti. Wanadhani natimiza ukatibu.

Jana nilimwambia Stara nitamwambia Gaudence leo asubuhi mapema, kabla ya wote. Nimefika saa mbili. Nimekuta Bi Swaumu kashafika saa moja na nusu, na chupa ya chai. Kavaa kama anakwenda kuposa. Haji Adamu na kofia mpya. Wengine saba. Wamekuja kumtetea. Bi Swaumu anasema tangu lini harusi ya maskini inatozwa kodi? Leo watanieleza!

Nikamwambia mama, si hivyo. Akasema we Swedi kaa, umekonda kwa shughuli hii, tumekuona.

Tumekuona. Lo!

Saa tatu kamili. Gaudence kaja, shati limepigwa pasi, karatasi zake kwenye bahasha ya kaki. Na mama yake nyuma, kitenge kipya. Kumbe Bi Swaumu alimpelekea habari kwamba mtoto wake anaulizwa hela za harusi, mama akakataa kubaki nyumbani. Gaudence ananiambia kwa kunong'ona, anasema anakuja kuniona kazini! Anatabasamu.

Nikasema Gaudence, njoo mara moja nje. Akasema nikitoka, Swedi, saa imeshafika. Nikamwacha aende. Sikumshika mkono. Mkono ulikuwa hapa, ningenyoosha tu.

Akaanza kuamkia benchi zima. Kafika kwa Bi Swaumu kashindwa kujizuia. Shikamoo mama, najua hampendi kushukuriwa, lakini asante kwa mchango wako.

"Marahaba. Asante ya nini, mwanangu? Sie tunangoja tarehe tu."

Tarehe ya nini, mama?

Bi Swaumu kacheka, kamgeukia Haji, ona haya yake! Haji kamwambia bwana harusi acha woga, gari liko tayari, maua meupe.

Lile tabasamu la Gaudence lilibaki palepale usoni. Vilivyobaki vyote viliondoka. Aliangalia benchi, mtu mmoja mmoja, kama anasoma ule ukurasa wake. Akafika kwangu. Mimi nikainamia daftari.

Hata hiyo sentensi ya juu niliiandika ili nisimwangalie.

Anthony kamwita ndani. Mlango umefungwa.

Saa tatu na nusu. Hakuna sauti kubwa. Naisikia ya Anthony tu. Bi Swaumu ananimiminia chai. Nimeipokea, nimeiweka sakafuni. Akili inanituma vichekesho. Inanituma kimoja kuhusu njiwa. Sitaki.

Nina maneno manne tu ya kusema. Ni mimi, yeye hajui. Nimeyahesabu. Ni machache kuliko ya kadi.

Mlango umefunguliwa. Anthony kasimama. Anasema mwenzenu kaacha kujibu. Anasema Gaudence kamwambia alichojua kashakisema tangu mwanzo, sasa waulizeni walioko nje. Hataki kumtaja mtu. Basi nani kati yenu anaweza kuniambia, kwa hakika, hizi hela zilichangwa za nini? Mmoja tu, aingie.

Wote wananiangalia mimi. Katibu.

Mama Generosa kasimama. Kanyoosha kitenge. "Niko hapa, baba. Mimi ni mama wa bwana harusi. Niulize mie, mwanangu ana haya."

Mlango uko wazi, Gaudence namwona kutoka hapa. Kanyanyua kichwa. Hamtazami mama yake, ananitazama mimi. Mama anakwenda, viatu vipya vinamsumbua, anashika ukuta. Hatua nne, tano afike mlangoni aseme harusi, na jalada liwe la mwanawe.

Mimi bado nimekaa. Bado naandika